Tuna pesa ya godoro moja tu: tuchukue gumu au laini?

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia nikiwa na usingizi machoni. Godoro tunalolalia mimi na mume wangu limekwisha. Katikati kuna bonde, na kila usiku tunajikuta tumekutana humo chini hata kama kila mtu alilala pembeni kwake. Mimi ni mwembamba na nalala ubavu. Nikiamka, bega na nyonga ya upande niliolalia vinauma, na mkono una ganzi. Mume wangu ni mtu wa mwili mkubwa, analala chali na mara nyingine kifudifudi. Kilio chake ni kiuno. Asubuhi anainuka kwa kushikilia ukingo wa kitanda, ila akishatembeatembea kidogo anakuwa sawa.

Tumeamua kununua jipya. Taabu ni kwamba huku tunakoishi uchaguzi ni mdogo, na kuagiza kutoka mbali hatuwezi kwa sababu gharama ya kusafirisha inakaribia bei ya godoro lenyewe. Yaliyopo ya saizi yetu, sentimita 150 kwa 190, ni matatu tu.

La kwanza ni gumu sana, lina unene wa sentimita 15. Muuzaji anasema limetengenezwa kwa vipande vya sponji vilivyoshindiliwa pamoja, na kwenye kitambaa limeandikwa "ortopediki". La pili ni la sponji ya kawaida, nene, sentimita 25, laini. Nilipolikalia sikutaka kuinuka. La tatu ni la springi lenye tabaka laini juu, lakini mume wangu alipogeuka upande wangu wote ulitikisika. Topa za kutandika juu zipo mbili: moja ya memori fomu ya sentimita 5, nyingine imejazwa nyuzi laini kama mto. Hakuna kilichoandikwa ubora wake, ni vipimo na bei tu.

Mume wangu anataka lile gumu, bila topa. Anasema mgongo unaouma unataka pagumu. Mimi roho yangu iko kwenye la pili. Mama yangu mzazi anatushauri tusinunue godoro kabisa, tununue topa tu tuitandike juu ya hili la zamani, pesa itakayobaki ifanye mambo mengine. Tulichonacho kinatosha la pili au la tatu peke yake, au la kwanza pamoja na topa moja. Hatutaweza kununua tena kwa muda mrefu, ndiyo maana naogopa.

Na swali dogo la mwisho: tuna mtoto wa miezi minne. Nikikata kipande cha topa, naweza kumtandikia kwenye kitanda chake?

Mama Kichanga

*

Marahaba mwanangu,

Hilo uliloliita swali dogo ndilo nitakalolijibu kwanza. Hapana, usimtandikie topa. Mtoto wa miezi minne anatakiwa alale chali, kwenye godoro lake mwenyewe lililo gumu na tambarare, lenye shuka moja iliyovutwa vizuri, bila mto wala kitu chochote laini. Kitu kinachobonyea na kuchukua umbo la uso kinaweza kumziba pumzi, naye hana nguvu za kujigeuza. Na mkishaweka topa kwenye kitanda chenu, asilale humo usiku. Mnyonyeshe, kisha umrudishe kwake.

Sasa turudi kwenu. Kabla hamjatoa pesa yoyote, teremsheni hilo godoro la zamani sakafuni mlale hapo siku chache. Bonde likipungua sana, ujue sehemu ya tatizo ni kitanda, na godoro lolote mtakalonunua litaharibika vilevile. Fungueni mkague chaga moja moja: iliyopinda, iliyopasuka, iliyochomoka kwenye msumari. Nafasi kati ya chaga na chaga isizidi sentimita 7 au 8, kwa sababu sponji huzama kwenye mapengo na kukatika taratibu kwa chini, mahali ambapo huoni. Kitanda cha upana wa sentimita 150 kinahitaji pia mhimili wa katikati wenye mguu unaogusa sakafu. Vitanda vingi huja bila mguu huo, na mtu mzito akilala, chaga zote hupinda kuelekea katikati. Fundi seremala ataurekebisha kwa gharama ndogo sana ukilinganisha na godoro. Mkimaliza majaribio msiendelee kulala sakafuni, maana godoro lisilopata hewa kwa chini hushika unyevu na kuota ukungu.

Bonde likibaki palepale hata sakafuni, godoro ndilo limekwisha. Laza fimbo iliyonyooka kutoka ukingo hadi ukingo bila mtu juu yake, kisha pima pengo lililo chini ya fimbo. Likifika sentimita 3 au zaidi, usihangaike nalo.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mama yako, ingawa naelewa anachowaepusha nacho. Topa haina mgongo wa kwake. Inafuata umbo la kilicho chini yake, na ukiitandika juu ya bonde unapata bonde lenye topa. Wiki ya kwanza mtafurahi kwa sababu ngozi inagusa kitu kipya, lakini kiuno cha mumeo kitaendelea kuning'inia kama kinavyoning'inia leo. Topa hutibu godoro lililo gumu kupita kiasi. Kwa godoro lililochoka haina msaada.

Ndiyo maana nataka mfikirie kitanda chenu kama vitu viwili vyenye kazi mbili. Cha chini kinabeba mwili usizame. Cha juu kinapokea bega na nyonga visibanwe. Ulaini unaweza kuuongeza juu ya kitu kigumu wakati wowote, hata mwakani mkipata pesa. Ugumu huwezi kuuongeza juu ya kitu kinachozama. Kwa watu wenye pesa ya mara moja tu, jambo hilo linaamua karibu kila kitu.

Mumeo anaamini kwamba mgongo unaouma unataka pagumu. Madaktari wengi walikuwa wakishauri hivyo hivyo, kwa hiyo usimlaumu. Lakini jambo hilo lilishapimwa. Mwaka 2003 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Uhispania kwa watu wazima 313 wenye maumivu sugu ya kiuno. Baadhi walipewa magodoro magumu na wengine ya ugumu wa kati, bila kuambiwa wamepewa lipi. Baada ya siku 90, waliolalia ya ugumu wa kati walikuwa na nafuu zaidi kitandani, wakati wa kuinuka asubuhi, na katika shughuli zao za mchana. Sababu yake si ngumu kuiona. Mgongo wa binadamu una mikunjo. Ukimlaza kwenye kitu kisichobonyea hata kidogo, mabega na makalio yanabeba uzito wote na kiuno kinabaki hewani, kwa hiyo misuli yake inafanya kazi usiku kucha. Na wewe unayelala ubavu ungeumia kuliko yeye, kwa sababu bega na nyonga ndivyo vinavyotangulia kugusa, tena huna nyama nyingi ya kuvikinga. Ganzi ya mkono unayoisikia leo ingezidi.

Na hilo neno "ortopediki" lisiwapandishie bei. Kiwanda chochote kinaweza kuliandika kwenye kitambaa. Halikuambii godoro limepimwa na daktari gani, wala limetengenezwa kwa sponji ya namna gani.

Sasa lile la pili, ulilolipenda. Nakusihi ulitazame kwa makini zaidi kuliko yote, kwa sababu godoro la namna hiyo huuzwa na dakika ya kwanza ya kulikalia. Watu wengi huchanganya ulaini na ubora, au ugumu na ubora, na hivyo ni vitu tofauti. Kiwanda kinaweza kutengeneza sponji ngumu iliyo dhaifu, na kinaweza kutengeneza sponji laini itakayodumu miaka mingi. Kinachoamua maisha ya sponji ni wingi wa malighafi iliyomo ndani yake, yaani mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo ngapi. Hiyo ndiyo densiti. Sponji ya kilo 16 au 18 kwa mita ya ujazo ina hewa nyingi na itabonyea mapema, hasa chini ya mtu mzito. Kwa watu wazima wanaolala kila siku tafuta isiyopungua 25, na kwa mwili kama wa mumeo 30 na kuendelea.

Unasema hakuna namba zilizoandikwa. Basi zitafuteni wenyewe, maana godoro la sponji tupu haliwezi kuficha uzito wake. Ombeni mizani, mlisimamishe juu yake, au kama limekunjwa na kufungwa msome uzito ulioandikwa kwenye mfuko. Zidisheni urefu, upana na unene kwa mita: 1.9 mara 1.5 mara 0.25 ni mita za ujazo 0.71. Toeni kama kilo 2 za kitambaa, kisha gawanyeni uzito uliobaki kwa 0.71. Sponji ikiwa na kilo 12, densiti yake ni kama 17, na hilo mliache hata likipunguzwa bei. Ikiwa na kilo 21 au 22, mko kwenye 30, na hapo mazungumzo yanabadilika.

Kuna ujanja mmoja wa kuuangalia. Viwanda vingine huchanganya unga wa chokaa kwenye sponji ili iwe nzito na gharama ishuke. Kama kitambaa kina zipu, omba ufungue pembe moja. Bana sponji kwa vidole na uiachie: nzuri inarudi upesi na haiachi unga mkononi. Ukiisugua ikamomonyoka, au ikabaki na alama ya vidole, funga zipu na uendelee na safari. Hapohapo kwenye pembe angalia pia kama ndani ni sponji moja au ni tabaka tofauti zilizogundishwa, kwa sababu wakati mwingine kinachoonekana ukingoni sicho kilicho katikati.

Hata kama la pili litafaulu kwenye mizani, bado nina wasiwasi nalo kwa ajili ya mumeo. Anayelala kifudifudi kwenye kitu laini, tumbo na nyonga huzama na kiuno kinakunjika kwa nyuma, na yeye tayari ana kilio hapo. Na wewe ukilala kando ya mtu mzito kwenye sponji laini utateleza kumwelekea kama unavyoteleza sasa.

La springi nitalisema kwa kifupi. Ulivyoeleza mtikisiko, inaelekea springi zake zimefungwa pamoja kwa waya, kwa hiyo moja ikishuka inavuta jirani zake. Yapo magodoro ambayo kila springi imeshonewa mfuko wake na inashuka peke yake. Hayo yanawafaa sana wanandoa wenye miili tofauti, na kama mngekuwa nalo hilo hapo ningewaambia mlifikirie kwanza. Lenu silo. Tena tabaka laini la juu limeshonewa humohumo. Likibonyea hamwezi kulibadilisha, mtakuwa mmepoteza godoro zima.

Kwa hiyo mimi nachagua la kwanza pamoja na topa. Sponji ya vipande vilivyosagwa, vikapakwa gundi na kushindiliwa ni nzito na inadumu, na mwili mkubwa hauitishi. Ugumu wake ndio kasoro yake, na ugumu ndio kitu pekee ambacho topa inaweza kukirekebisha. Mume anapata mahali pa kumbeba, wewe unapata mahali pa kuweka bega. Lakini likagueni. Pitisheni kiganja juu yake mkikandamiza kwa nguvu, eneo zima: msisikie mabonge wala sehemu moja laini kuliko nyingine. Kingo ziwe zimekatwa sawasawa. Linaweza kutoa harufu ya gundi mwanzoni. Liacheni wazi kwenye hewa siku kadhaa kabla ya kulitandika, na mtoto asiwe chumba hicho. Harufu ikiwa kali ya kuwasha macho, msilichukue.

Topa ya nyuzi iacheni. Ni nzuri kuigusa, ila nyuzi hukimbia kutoka chini ya nyonga na bega na kujikusanya pembeni, na baada ya muda unalalia kitambaa. Chukueni ya memori fomu. Aina hiyo ya sponji ilibuniwa Marekani mwaka 1966 katika kazi ya NASA ya kuboresha viti vya ndege, na tabia yake ni kubonyea polepole kwa joto na uzito, kisha kutandaza mgandamizo badala ya kuuacha mahali pamoja. Bega lako linahitaji hicho hasa. Nayo ipimeni: yenu ina ujazo wa mita 0.14, kwa hiyo ikiwa nzuri, yenye densiti ya 50, itakuwa na karibu kilo 7. Ikiwa na kilo 4 haitafika mbali. Ikandamizeni kwa kiganja hadi chini muiachie, alama irudi taratibu na ipotee yote.

Ina tabia mbili ambazo afadhali mzijue mapema. Inashika joto la mwili, kwa hiyo tumieni shuka ya pamba na msiivishe plastiki. Na kwenye baridi inakuwa ngumu hadi mwili uipashe moto, basi msiihukumu kwa dakika ya kwanza usiku wa baridi. Ifungeni kwa shuka yenye mpira pembeni ili isitembee.

Mumeo anaweza kusema inamzamisha. Sentimita 5 juu ya godoro gumu hazimpeleki mbali. Atazibonyeza na kukuta pagumu panamsubiri. Mwambie alale wiki mbili tatu kabla ya kuamua, kwa sababu mwili huchukua muda kuzoea. Akishindwa kabisa, topa hukatika kwa kisu kikali. Ikateni katikati kwa urefu, nusu yako ibaki, na upande wake mtandike blanketi zilizokunjwa hadi kimo kilingane, kusiwe na ngazi katikati ya kitanda.

Dukani nendeni wote wawili, siku msiyokuwa na haraka. Vueni viatu, tandikeni topa juu ya lile la kwanza, mlale pamoja robo saa, kila mtu kwa mlalo wake wa nyumbani. Watu huona aibu na kukaa ukingoni kidogo tu. Msione aibu, ni pesa yenu. Ukilala ubavu, mumeo asimame nyuma yako atazame: kuanzia shingoni hadi mwisho wa uti wa mgongo kuwe na mstari ulionyooka. Nyonga ikiinuka ni pagumu mno, ikizama ni laini mno. Yeye akilala chali, pitisha kiganja chini ya kiuno chake. Kikipita bila kugusa kitu, hapambebi. Kikigoma kupita kabisa, amezama. Kikipita kwa kusuguana kidogo ndivyo inavyotakiwa.

Beba mto wako mwenyewe. Hili linasahaulika mno, na ganzi yako nadhani inatoka huko kwa kiasi fulani. Anayelala ubavu anahitaji mto unaojaza nafasi yote kati ya bega na sikio, na bega likianza kuzama kwenye topa nafasi hiyo inapungua, kwa hiyo mto unaokufaa leo unaweza kuwa mrefu mno kesho. Weka na mto mwembamba kati ya magoti, utatuliza nyonga. Mumeo anapolala kifudifudi atumie mto mwembamba sana kichwani na mwingine mdogo chini ya tumbo.

Mkishalifikisha nyumbani, geuzeni kichwani kuwe miguuni kila baada ya miezi mitatu hivi, topa nayo vilevile. Mlivishe kifuniko cha kuzuia maji kinachopitisha hewa, maana mna kichanga, na dhamana nyingi hukataliwa godoro likiwa na doa. Risiti itunzeni.

Kuhusu kiuno cha mumeo, kuamka na maumivu yanayoisha akitembea kunaendana na kulala vibaya, na ndiyo maana nina matumaini na godoro. Yakiendelea mchana kutwa hata baada ya wiki kadhaa kwenye kitanda kipya, aende kwa daktari. Akipata udhaifu wa miguu, ganzi sehemu za siri au akashindwa kuzuia mkojo, aende hospitali siku hiyohiyo. Na ganzi yako ya mkono isipokwisha, nawe nenda.

Kuna hali moja tu ambayo ningebadili ushauri: la pili likitoka kwenye mizani na densiti ya 30, na la kwanza likaonekana na mabonge. Hapo lalieni la pili kwa robo saa ileile na mfanye kipimo kilekile cha kiganja. Mumeo akifaulu, lichukueni. Asipofaulu, subirini mzigo mwingine wa la kwanza uje. Andika uzito wa yote kwenye karatasi mkiwa bado hapo dukani, na kama hesabu inawatatiza, nitumie namba hizo kabla hamjalipa.

Shangazi